Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa wa Mwanza: kipigo cha kriketi kule Namibia na ombi la zege

Mwanza, Februari 2026

Kwako Ndugu Afisa Michezo wa Mkoa,

Mwangaluka. Najua meza yako imejaa. Kuna Pamba Jiji na mashabiki wake, kuna michezo ya shule, kuna viwanja vya wazi vinavyogombaniwa na wenye maturubai ya harusi, na kila mwenye jambo anataka saini yako leo hii. Kriketi kwenye rundo hilo, kama imo, iko chini kabisa. Ndiyo maana nimeona nikuandikie hadharani, ili hata wewe ukikosa nafasi ya kusoma, wapo watakaosoma na kukukumbusha.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda maeneo ya Makoroboi. Nashona sare za shule, nabadilisha zipu, napunguza suruali za waliokonda na kuachia za walionenepa. Jumapili mchana nafunga kibanda nafuata vijana wanaocheza kriketi kwenye uwanja wa shule moja hapa mjini. Mchezaji sijawahi kuwa. Kazi yangu pale ni kuandika mikimbio, ndiyo pointi za kriketi, kwenye daftari na kuwashonea vitu. Pedi zao za miguuni zimetoka kwenye cherehani yangu, vipande vya godoro lililochakaa vimevikwa turubai la lori. Ukiziona utacheka, lakini mpira ukigonga pale mtoto anabaki amesimama.

Sasa nije kwenye lililoniuma.

Januari hii vijana wetu wa chini ya miaka 19 wamecheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu nchi hii iwe nchi. Mashindano yaliandaliwa na Zimbabwe na Namibia. Nafasi yenyewe hawakupewa sadaka: mwaka 2025 walikwenda Nigeria kwenye mchujo wa Afrika, wakaibeba ile nafasi moja iliyokuwa inagombaniwa. Namibia, mwenyeji mwenza, hakuwemo hata kwenye orodha ya timu 16. Hebu fikiria, Ndugu Afisa: wenye viwanja walikaa jukwaani, sisi tusio na viwanja tukaingia kucheza.

Kundi tulilopangwa lilikuwa na West Indies, Afghanistan na Afrika Kusini. Tulipoteza mechi zote tatu. Ile ya Afrika Kusini ilikuwa ya tofauti ya mikimbio zaidi ya 300, na katika kriketi hicho ni kipigo cha kufunga mlango na kuzima simu. Wengi hapa mjini walijua kwamba Tanzania ina timu ya kriketi siku hiyo hiyo, matokeo yalipoanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp yakiwa yamewekewa vikaragosi vya kucheka. Jirani yangu wa kibanda, muuza vitenge, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniuliza: "Fundi, hivi hao watoto walipelekwa kule kutalii?" Mwingine akadakia kwamba hela ile ingenunua mipira ya miguu wilaya nzima ya Magu. Na nimesikia, sijui wewe umesikia nini huko ofisini, watu wenye sauti wakisema nchi ijikite kwenye michezo inayoiweza, kriketi tuwaachie wenyewe.

Hao wenyewe ni nani? Swali hilo nitalirudia, maana lina majibu mawili na yote mawili hayanifurahishi.

Kwanza niseme ninavyouelewa mimi mkong'oto huu. Vijana wale siwajui mmoja mmoja, na sitajifanya kocha. Ila kuna kitu nakiona kila Jumapili, na ninaamini kina undugu na yaliyotokea Namibia.

Mpira wa kriketi ni mgumu. Ndani una koki na nyuzi, nje ngozi, uzito wake kama gramu 160. Kutoka wiketi hadi wiketi, yaani vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa kila upande, ni mita 20 na ushee. Mrushaji mwenye kasi katika umri ule anaweza kuutuma kwa kilomita 130 kwa saa, maana yake mpigaji ana kama nusu sekunde ya kuona, kuamua na kusogeza mguu. Nusu sekunde haitoshi kufikiri. Mguu lazima uwe umeshajifunza wenyewe, na hujifunza kwa kurushiwa mipira mingi mahali ambapo mpira unadunda kwa namna moja, leo na kesho. Ukidunda hapa unapanda hadi kiunoni, ukidunda pale unapanda hadi kifuani, na mtoto anaanza kuuamini.

Uwanja wetu hauaminiki. Unaijua ardhi ya Mwanza, changarawe na vijiwe vilivyomeguka kwenye majabali. Tunafagia kwa matawi kabla ya kuanza, tunaokota vijiwe, na bado vinabaki. Kuna kijana mmoja anapiga kwa mkono wa kushoto, mrefu, mtulivu, mtoto wa mama anayekaanga samaki. Alipoanza alikuwa anasimama vizuri mpaka mimi nisiyejua kitu nilikuwa naacha kuandika nimtazame. Siku moja mpira uligonga kijiwe, badala ya kuja kiunoni ukaruka ukampata kwenye kidevu. Hakuanguka. Alijifuta damu kwa kola ya shati, akaomba arushiwe tena. Lakini Jumapili iliyofuata niliona mguu wake wa nyuma unaondoka kabla mrushaji hajaachia mpira, unavuta pembeni, unakimbia. Hajui kwamba anafanya hivyo. Ukimwambia anakataa. Kocha wao, ambaye ni mwalimu wa kujitolea, alimwekea tofali nyuma ya kisigino ili akigusa akumbuke. Analigusa kila mara.

Mguu ule ndio ninaoufikiria ninaposoma maneno ya watu kuhusu Namibia. Mtoto akishajifunza kukimbia mpira, hata ukimpeleka kwenye uwanja wa zulia la kijani wenye kila kitu, mguu unakwenda nao.

Jambo la pili ni la muda. Kombe lile linachezwa ova 50, kila ova mipira sita, yaani kila timu inatakiwa ikabiliane na mipira 300. Ni kazi ya kutwa nzima, kuna hadi mapumziko ya chakula katikati (nasikia wapo wanaouita mchezo wa wavivu kwa sababu hiyo, waje wasimame juani kwa muda wa saa tatu na nusu wakidaka). Mechi ambazo watu wetu wengi wamezizoea ni za ova 20, na tangu mwaka 2019 shirikisho la dunia lilipozipa hadhi ya kimataifa mechi za ova 20 za nchi zote wanachama, nchi ndogo kama yetu zimezama huko. Silaumu, zimetupatia mechi nyingi. Ila ova 20 zinamfundisha mtoto kupiga haraka kabla hajatolewa. Hazimfundishi kukaa, yaani kupiga muda mrefu bila kutolewa. Kocha wa timu ya taifa hawezi kuyatengeneza hayo ndani ya kambi ya majuma machache. Mtu anajifunza kukaa akiwa na miaka kumi na mbili, kwenye uwanja ambao hakuna anayemfukuza saa saba mchana kwa sababu timu ya mpira wa miguu imefika.

Na viwanja vya kutwa nzima viko wapi? Dar es Salaam. Kuna Gymkhana, kuna Annadil Burhani, kuna cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hesabu ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, timu yetu ya taifa inachaguliwa kutoka kwa watoto waliobahatika kukulia umbali wa daladala moja au mbili kutoka kwenye viwanja hivyo. Kina Abhik Patwa, Kassim Nassoro na Ivan Selemani wamefanya makubwa kutoka kwenye kisima hicho kimoja, na sina la kuwalaumu. Nashangaa tu kwamba tunashangaa.

Niruhusu nikutoe Mwanza kidogo, tuvuke maji.

Ng'ambo ya ziwa hili hili, pale Entebbe, kuna uwanja wa kriketi unaotazama maji. Jinja upo mwingine, na jirani na Jinja kuna shule ya Busoga College Mwiri ambayo imekuwa ikitoa wachezaji kwa vizazi. Uganda wana utamaduni wa kriketi ya shule, wenyewe wanaujua kuliko ninavyoweza kuusimulia. Novemba 2023, kwenye mchujo uliochezwa Namibia, sisi tukiwa kwenye mchujo huo huo, Uganda waliwafunga Zimbabwe, nchi kubwa ya kriketi, wakakata tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024.

Wakaenda, na kule wakakutana na nini? West Indies waliwatoa wapigaji wao wote wakiwa na mikimbio 39 tu. Thelathini na tisa! New Zealand wakawatoa kwa 40. Afghanistan waliwashinda kwa tofauti ya mikimbio 125. Ukiyaweka hayo kwenye kundi la WhatsApp la Makoroboi, watu watacheka mpaka simu zizime. Lakini kati ya vipigo hivyo waliwafunga Papua New Guinea, na siku hiyo mzee wao Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova zake nne akaruhusu mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Minne, Ndugu Afisa, kwenye Kombe la Dunia, kutoka kwa mtu ambaye hapa kwetu angekuwa ameshaambiwa akapumzike awaachie vijana. Waganda walirudi nyumbani na mchezo wao ukaendelea. Sijasikia kwamba kuna aliyependekeza uwanja wa Entebbe ugeuzwe kumbi za sherehe.

Hao Afghanistan waliotupiga Januari nao wana historia inayopita mlangoni kwetu. Oktoba 2008 walikuja Dar es Salaam kucheza daraja la nne la ligi ya dunia. La nne! Sisi tulikuwa wenyeji, na tulikuwa daraja moja nao, pamoja na Hong Kong, Italia, Fiji na Jersey. Wengi wa watu wao walijifunza mchezo kwenye kambi za wakimbizi Pakistan. Walilibeba kombe lile wakaondoka. Mwaka 2010 walikuwa kwenye Kombe la Dunia la ova 20, mwaka 2017 wakapewa hadhi ya kucheza mechi za siku tano, na mwaka 2024 wakafika nusu fainali ya dunia. Kwenye nusu fainali hiyo unajua nani aliwatoa, na kwa kiasi gani? Afrika Kusini, wote nje kwa mikimbio 56. Ni majirani zetu wa daraja la nne, na baada ya miaka kumi na sita ya kupanda bado walipokea kipigo cha aina hiyo.

Sisemi tutakuwa Afghanistan. Kule kila uchochoro una mtoto na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu, na hilo halinunuliwi na bajeti ya mwaka mmoja. Nasema tulianzia sehemu moja, na aliyekwenda mbele alikuwa na watoto wengi wanaocheza, sehemu nyingi.

Kenya ni mfano wa upande wa pili. Mwaka 1996 waliwafunga West Indies kwenye Kombe la Dunia, West Indies wale wa kutisha, wakawatoa wote kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 walifika nusu fainali ya dunia, na njiani waliwafunga Sri Lanka pale Nairobi. Tulijivunia kama vile ni sisi. Baada ya hapo viongozi waligombana, wachezaji wakagoma kwa ajili ya malipo, na mchezo ukabaki zaidi kwenye klabu za Nairobi zile zile. Mwaka 2014 walipoteza hadhi yao ya mechi za siku moja. Mtu asiyependa kuangalia mbali na aangalie hapo tu.

Kama kuna anayedhani vipigo hivi ni vya wakati huu, mwaka 1975 kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Afrika Mashariki ilipeleka timu moja ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mechi tatu, tukapoteza tatu. New Zealand walitushinda kwa mikimbio 181, mtu mmoja tu, Glenn Turner, akiwa amepiga 171 bila kutolewa. India hawakupoteza hata wiketi moja. England wakatutoa kwa 94. Wajukuu wa wachezaji wale leo ni watu wazima.

Na sisi pia tumeshampiga mtu. Juni 2019 dada zetu wa timu ya taifa walikuwa Kigali wakacheza na Mali. Walipiga mikimbio 285 kwa kupoteza wiketi moja, wakashinda kwa tofauti ya 268. Mali wote walitoka kwa 17. Siku ile nilifurahi, sikatai, ila nilipoona picha ya wale mabinti wa Mali wamekaa kwenye nyasi nilinyamaza kidogo. Wapo waliosema Mali wasiruhusiwe tena kucheza. Maneno hayo hayo, sasa tunaambiwa sisi.

Nirudi kwenye swali la wenyewe ni nani.

Jibu la kwanza ninalopewa ni Wahindi. Utalisikia hata kwa watu wenye elimu. Kweli, mchezo uliletwa na Waingereza na ukatunzwa na jamii za Kihindi, hapa Mwanza kama kwingine, na bila wao leo tusingekuwa na hata wiketi moja ya kukopea. Nawashukuru, na mmoja wao, mfanyabiashara asiyetaka kutajwa, ndiye aliyetupa magongo mawili na mpira wa ngozi. Lakini tazama kikosi cha taifa leo, majina yamechanganyika kama majina ya abiria wa kivuko cha Kamanga. Vijana ninaowashonea pedi wanatoka Mabatini, Igogo, Mlango Mmoja. Kisukuma kinatumika pale uwanjani kuliko Kiingereza, na ukimsikia mlinda wiketi wetu akimchokoza mpigaji kwa Kisukuma utaanguka.

Jibu la pili ni watu wa Dar. Hilo hakuna anayelisema kwa sauti, ila ndilo linalotendeka. Kila kitu cha kriketi kinaishia Dar, na sisi wa huku tunaletewa taarifa. Hapo ndipo unapoingia wewe, Ndugu Afisa, maana Chama cha Kriketi Tanzania kina mambo yake na Baraza la Michezo la Taifa lina yake, lakini uwanja wa shule uliopo Mwanza uko mikononi mwa watu wa Mwanza.

Ninachoomba ni kidogo mno, naogopa utadhani kuna kingine nimekificha.

Shule ninayoizungumzia ina viwanja viwili vya mpira wa miguu vilivyolala sambamba. Kati ya mstari wa pembeni wa kimoja na wa kingine kuna ukanda wa ardhi usiotumika, watoto wanaegesha baiskeli na mama mmoja anauza ubuyu. Pale pale, kwenye ukanda huo, tunataka kumwaga zege: urefu wa mita 22, upana wa mita mbili na nusu hivi, unene wa sentimita 10. Siku ya kriketi tunatandika mkeka juu ya zege, kama kriketi ya Afrika Mashariki ilivyochezwa miaka na miaka, na viwanja vyote viwili vinakuwa uwanja wetu wa kukimbilia mpira. Siku ya mpira wa miguu tunakunja mkeka tunaondoka, na hakuna mchezaji atakayeanguka juu ya zege kwa sababu lipo nje ya mistari. Mkeka unadundisha mpira kwa namna moja. Kijana wangu wa mkono wa kushoto atauamini upya, au mdogo wake atauamini.

Fundi mwashi, mzee wetu wa Nyakato, alipiga hesabu akasema mifuko ya saruji kama 35, na mchanga na kokoto. Kokoto Mwanza! Hilo nalo tuliombe serikali? Saruji tunaichanga wenyewe, wazazi wengine ni mafundi na nguvu zao zipo. Kilichotukwamisha ni karatasi. Mkuu wa shule anatuelewa na anatupenda, lakini amesema wazi kwamba hawezi kuruhusu zege limwagwe kwenye ardhi ya shule bila maandishi kutoka juu, na simlaumu, ana kazi yake ya kulinda. Tulipeleka barua ofisi moja. Ilikaa. Tulipofuatilia tuliambiwa kriketi haimo kwenye vipaumbele vya mwaka huu wa fedha. Hatukuwa tumeomba fedha.

La pili, na ndilo la mwisho, tunaomba Jumamosi moja kwa mwezi ambayo uwanja huo utakuwa wetu kutwa, asubuhi hadi jioni, kwa maandishi, ubandikwe kwenye ubao wa shule ili makocha wa timu za mtaani wajue. Tucheze ova 50 kwa 50. Tunaweza kualika watoto wa Bukoba na Musoma, tunaweza kuwaomba walimu tarajali wa Butimba waje wajifunze kuchezesha, chuo kile kinafundisha walimu wa michezo na kiko hapa hapa mjini. Mtu apige mpaka achoke, atolewe, akae chini ya mwembe awatazame wenzake, kisha alasiri asimame juani akidaka. Kwa sasa mechi ndefu kuliko zote niliyowahi kuiandika kwenye daftari ilikatishwa na filimbi ya timu ya mtaa, na sikuwa na pa kukata rufaa.

Utaniuliza, kwa nini tuhangaike na mchezo ambao hata Mwanza nzima haiujui. Nami nakuuliza kuhusu Taifa Stars. Mwaka 2019 walikwenda Misri kwenye AFCON wakafungwa na Senegal, wakafungwa na Kenya, wakafungwa na Algeria, wakarudi bila pointi. Makocha wakabadilishwa, kelele zikapigwa, lakini sikumsikia mtu hata mmoja akisema tuache mpira wa miguu. Watoto waliendelea kucheza Kirumba, Nyamagana, kila kona. Na mwezi ule ule wa Januari, wakati vijana wa kriketi wanajiandaa kupigwa Namibia, Stars walikuwa Morocco wakicheza hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia. Walifungwa na mwenyeji bao moja, nasi tuliwapigia makofi hadi mikono ikauma. Mpira wa miguu una viwanja vya kuangukia. Vijana wa kriketi wakianguka hawana pa kuangukia ila Dar.

Muuza vitenge, jirani yangu, nimemsomea barua hii. Amesema ni ndefu, na kwamba afisa hatasoma. Halafu akauliza mkeka wa kriketi unashonwaje pembeni usifumuke. Nimemwonyesha.

Masika yanaanza Machi. Zege likimwagwa kwenye mvua litaharibika, na likimwagwa baada ya mvua tutakuwa tumepoteza nusu mwaka mwingine, kwa hiyo tunaomba jibu kabla mwezi huu haujaisha, hata kama ni la kukataa. Tukikataliwa tutakwenda kuomba ukanda kwenye shule nyingine. Barua ya ruhusa iende moja kwa moja kwa mkuu wa shule, kupitia kwa mkurugenzi kama utaratibu unavyotaka. Kwangu inatosha nakala. Mwalimu wa michezo anakijua kibanda changu.

Wako katika michezo,

Fundi cherehani,
Makoroboi, Mwanza